Mfinyanzi Hulia Gaeni: Mitungi ya Kale, Majina Yake na Wanunuzi Wake, Kutoka Pwani hadi Rangwi

1.0 Utangulizi

Methali ya Kiswahili husema, Mfinyanzi hulia gaeni. Mtu anayewafinyangia wenzake vyungu na mitungi, yeye mwenyewe hupakulia chakula chake katika kigae, yaani kipande cha chombo kilichokwisha kuvunjika. Darasani methali hii hufafanuliwa kuwa ni kijembe kwa fundi asiyefaidi kazi ya mikono yake, kisha mwalimu hupita akaendelea na methali nyingine. Hata hivyo, ndani yake mna habari ya kihistoria ambayo aghalabu haizingatiwi. Katika jamii iliyoizaa methali hii, chombo cha udongo kilikuwa na maisha marefu: kilifinyangwa, kikachomwa, kikatumika, kikavunjika, na hata baada ya kuvunjika kiliendelea kuwa na kazi na kuwa na jina. Kitu ambacho hakikuwapo ni chombo kisicho na kazi yoyote.

Leo chombo cha namna hiyo kipo, tena kina bei. Mtungi ambao umekoma kubeba maji husimamishwa kwenye kona ya sebule mjini Dar es Salaam, Nairobi au Ulaya, ukatiwa maua makavu au usitiwe kitu, na kadiri unavyoonekana mkuukuu ndivyo thamani yake inavyopanda. Wapo watu wanaozunguka madukani na vijijini kutafuta mitungi, magudulia, mabirika na bakuli za kale kwa ajili ya kupambia nyumba zao. Jambo hili si geni kama linavyodhaniwa, wala halikuletwa na watalii. Waswahili wenyewe walikuwa wakusanyaji wa vyombo vya kigeni karne nyingi kabla ya mtalii wa kwanza kupanda mlima wa Usambara.

Mhadhara huu unachunguza historia ya ukusanyaji huo kwa kuanzia pwani na kuishia Rangwi, kata ya Wilaya ya Lushoto iliyoko katika milima ya Usambara Magharibi, ambako wageni watembeao kwa miguu kutoka Lushoto kuelekea Mtae hupumzika kwenye nyumba ya masista kabla ya kuendelea na safari. Rangwi imechaguliwa kwa sababu iko mbali na bahari na mbali na maduka ya vitu vya kale. Chombo kinachotoka katika nyumba ya mlimani hakitoki kwa mfanyabiashara anayejua soko, hutoka jikoni. Hoja kuu ya mhadhara ni kwamba kila kizazi cha wakusanyaji kilihifadhi kitu na kikaacha kingine, na kwamba kitu kilichoachwa mara nyingi zaidi ni jina la chombo pamoja na maarifa yaliyofungamana na jina hilo. Anayenunua mtungi bila jina lake amenunua nusu ya mtungi.

2.0 Kidaka: Mkusanyaji wa Kwanza

Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate, hasa zile za karne ya 18, kuta za vyumba vya ndani zilitobolewa safu kwa safu za vishubaka vilivyorembwa kwa chokaa. Vishubaka hivyo ndivyo vidaka, au zidaka kwa lahaja za kaskazini. Ndani yake ziliwekwa sahani na bakuli za kauri kutoka China, pamoja na vyombo vya Uajemi na Uarabuni. Vyombo hivyo vilikuwa vya kutazamwa. Mwenye nyumba alivinunua kwa wafanyabiashara waliokuja na pepo za kaskazi, na kwa kuvipanga ukutani alimwambia mgeni wake, bila kufungua kinywa, kwamba ukoo huu una mkono mrefu baharini.

Utafiti wa Linda Donley-Reid kuhusu nyumba za Waswahili wa Lamu umeonyesha kwamba vyombo hivyo vilikuwa na kazi nyingine zaidi ya fahari. Viliaminiwa kupokea husuda na jicho baya, hivi kwamba chombo kikipasuka, shari iliyokuwa imewalenga watu wa nyumbani ilikuwa imekwisha kupokewa na chombo. Kwa maana hiyo hata pambo la kidakani lilikuwa mtumishi. Halikuwa limelala.

Hali kadhalika wafu walipewa sehemu yao. Katika makaburi ya nguzo ya Kunduchi, Mambrui na kwingineko, bakuli za kauri zilipachikwa katika chokaa ya nguzo. Huko Tongoni, kusini ya mji wa Tanga, ambako magofu ya msikiti yamezungukwa na makaburi yapatayo 40, mashimo ya duara kwenye nguzo yanaonyesha mahali ambapo bakuli zilikuwa na sasa hazipo. Zilibanduliwa. Hapo ndipo historia ya pwani inapotoa onyo la kwanza kuhusu ukusanyaji: pambo la mtu mmoja laweza kuwa kaburi la mwingine.

Wingi wa vyombo hivyo umethibitishwa na akiolojia. James Kirkman alianza kuchimba magofu ya Gedi mwaka 1948. Neville Chittick aliongoza uchimbaji mkubwa Kilwa katika miaka ya 1960. Na Mortimer Wheeler, alipozuru pwani ya Tanganyika mwaka 1955, alistaajabia vigae vya kauri ya Kichina vilivyotapakaa ardhini kati ya Dar es Salaam na Kilwa. Kutokana na vigae hivyo wataalamu wameweza kukadiria umri wa majengo yasiyokuwa na maandishi, kwa maana kauri ya kijani ya Longquan na ile ya samawati na nyeupe ya Jingdezhen zinajulikana nyakati zake. Kigae alicholia mfinyanzi kimegeuka kuwa kalenda ya mwanahistoria.

Fasihi nayo haikukaa kimya. Utenzi wa Al-Inkishafi, uliotungwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, unautumia mfano wa vidaka vilivyokuwa vya sahani na ambavyo sasa vimekuwa viota vya makinda ya ndege. Mshairi hakuhitaji kueleza kwamba ukoo umekwisha. Kidaka kitupu kilitosha. Kwa msomaji wake, ukuta usio na vyombo ulikuwa sentensi kamili.

3.0 Udongo wa Mlimani

Kauri ya China ilikuwa sehemu ndogo tu ya vyombo vya pwani. Sehemu kubwa kabisa ya vigae vinavyochimbwa katika miji ya Waswahili ni vya udongo wa hapa hapa, uliofinyangwa kwa mikono bila gurudumu. Ufinyanzi huu ni wa kale sana katika Afrika Mashariki. Vyombo vya mtindo wa Kwale, vilivyopewa jina la mahali karibu na Mombasa ambapo Robert Soper alivitambua katika miaka ya 1960, ni vya karne za mwanzo baada ya Kristo, navyo vimepatikana pia katika milima ya Pare na Usambara. Felix Chami amefuatilia uhusiano wa mapokeo hayo ya ufinyanzi na chimbuko la jamii za pwani. Kwa hiyo mtu wa mlimani na mtu wa pwani hawakukutana kwa mara ya kwanza katika biashara ya misafara ya karne ya 19. Chungu chao kilikuwa kimewaunganisha tangu zamani.

Ushahidi wa lugha unaafikiana na ule wa ardhi. Kiswahili kina neno chungu katika ngeli ya ki-/vi- na pia neno nyungu katika ngeli ya n-; Kishambaa kina nyungu. Mzizi ni mmoja, na umeenea katika lugha nyingi za Kibantu. Aidha, kitenzi umba, ambacho leo Mswahili hukitumia zaidi kwa kazi ya Mwenyezi Mungu, kina asili ya kufinyanga udongo: katika Kiganda na Kinyarwanda bumba bado ni kufinyanga, na katika simulizi za Wagikuyu jina la mama wa kabila, Mumbi, hubeba maana hiyo hiyo ya mfinyanzi na muumbaji. Hata umbo la neno mfinyanzi lina historia. Sauti g ya finyanga imegeuka z mbele ya kiambishi tamati -i, kama vile jenga ilivyozaa mjenzi na tunga ikazaa mtunzi. Hilo ni badiliko la kale la fonolojia, wala si unyambuaji wa jana. Kazi hii ilipata jina lake mapema.

Katika milima ya Usambara ufinyanzi ni kazi ya wanawake, na maarifa yake hupita kutoka kwa mama kwenda kwa binti. Udongo huchimbwa, hutwangwa, huondolewa mawe, hukandwa. Chombo huinuliwa kwa mikono, hulainishwa, huanikwa kivulini ili kisipasuke, kisha huchomwa kwa kuni na majani juu ya ardhi wazi. Kila hatua ina hatari yake, na kazi ya siku nyingi yaweza kuharibika katika moto wa saa chache. Chombo kinachotoka salama hakina mng'aro wa kauri, na katika kutokuwa na mng'aro huo ndimo ilimo faida yake. Maji hupenya polepole katika vinyweleo vya udongo, hufika nje, hugeuka mvuke, na mvuke huo huondoka na joto. Ndiyo maana maji ya mtungini ni baridi hata pasipo barafu. Mtu anayeupaka mtungi wa zamani vanishi ili ung'ae sebuleni amekwisha kuuua.

Wala vyombo hivi havikuwa vya maji na chakula peke yake. Utafiti wa Barbara Thompson kuhusu sanaa za uganga miongoni mwa Washambaa umebainisha nafasi ya vyungu katika tiba na matambiko. Katika jamii ambayo, kama alivyoeleza Steven Feierman, utawala ulipimwa kwa uwezo wa kuiponya nchi au kuidhuru, chungu cha dawa hakikuwa chombo cha pembeni. Mtu anayekinunua kama pambo huenda ananunua, bila kujua, kitu ambacho hakikuwa cha kuuzwa, na pengine aliyemuuzia hakuwa mwenye haki ya kukiuza.

4.0 Kalamu na Sanduku: Mkusanyaji wa Pili

Usambara iliingia mapema katika maandishi. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika huko mwaka 1848 na tena mwaka 1852, wakati wa utawala wa Kimweri ye Nyumbai aliyekuwa na makao yake Vugha. Richard Burton na John Speke walifika mwaka 1857. Mwishoni mwa karne hiyo Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemy aliandika kwa Kiswahili Habari za Wakilindi, iliyochapwa na wamisionari kwa sehemu kati ya mwaka 1895 na 1907 na kutolewa tena mwaka 1962 ikiwa imehaririwa na J.W.T. Allen. Kitabu hicho ni hazina ya nathari ya Kiswahili ya kabla ya usanifishaji. Lakini ni habari za watawala: za Mbegha na uzao wake, za vita, za urithi wa vijiji. Mikono iliyofinyanga vyungu ambamo nyama ya Mbegha ilipikwa haikuwa mada ya mwandishi.

Baada ya utawala wa Wajerumani kuanza, mkusanyaji wa aina ya pili alipanda mlima akiwa na kalamu na sanduku. Oscar Baumann alichapisha kitabu chake kuhusu Usambara na nchi za jirani mwaka 1891, mwaka ule ule ambao wamisionari wa Bethel walianza kazi Mlalo. Mwaka 1889 baraza la shirikisho la Ujerumani lilikuwa limekwisha kuamua kwamba makusanyo ya safari zilizogharimiwa na dola yapelekwe kwanza katika jumba la makumbusho la Berlin. Mwaka 1910 Franz Stuhlmann alitoa kitabu juu ya ufundi na viwanda vya Afrika Mashariki, na kuanzia mwaka 1911 maelezo ya A. Karasek kuhusu maisha ya Washambaa yalianza kutolewa katika jarida la Baessler-Archiv, yakihaririwa na August Eichhorn.

Haki itendeke kwa watu hawa. Baadhi yao walitazama kwa makini, wakaandika, na bila maandishi yao mengi yasingejulikana leo. Hata hivyo, utaratibu wa makumbusho ya zama hizo ulikuwa na upofu wake. Kadi ya chombo iliandika kwa kawaida jina la aliyekikusanya, mahali na tarehe ya kupokelewa. Jina la mwanamke aliyekifinyanga halikuandikwa, kwa sababu halikuulizwa. Kwa hiyo chombo kilichohifadhiwa vizuri kuliko vyote, katika kabati la kioo lisiloingia vumbi, kikawa yatima.

Kwa bahati njema palikuwa na aina nyingine ya sanduku, nayo ni kamusi. Karl Roehl alichapisha sarufi ya Kishambaa mwaka 1911, na kamusi ya Kishambaa ya F. LangHeinrich ilitolewa Hamburg mwaka 1921. Kamusi ni kidaka cha maneno. Tatizo ni kwamba kidaka hicho kilijengwa katika nyumba ya mwingine: fasili zake ni za Kijerumani, na binti wa Rangwi anayetaka kujua bibi yake aliitaje mitungi yake hana budi kupitia Hamburg ndipo arudi nyumbani.

5.0 Maneno Yaliyovunjika na Yaliyounganika

Kiswahili kilikuwa na utajiri mkubwa wa majina ya vyombo vya udongo. Nzio ni mtungi mkubwa wa kuwekea maji. Kasiki ni mtungi mkubwa wenye mdomo mwembamba. Kuzi ni chombo chenye mikono. Gudulia ni cha shingo nyembamba, cha maji ya kunywa. Balasi ni jitu la kuhifadhia. Bungu, kibia, mkungu, kaango na waya ni vya jikoni. Chetezo ni cha ubani. Mrashi ni cha marashi. Mdila na dele ni vya kahawa. Baadhi ni vya asili ya Kibantu. Vingine vilikuja na merikebu: kuzi ni kuz ya Kiarabu, mdila na dele vinatokana na dalla, mrashi na mirash, na birika inatokana na ibriki, neno ambalo Waarabu nao walilichukua kwa Waajemi. Jagi ni mgeni wa karibuni kutoka Kiingereza. Orodha hii peke yake ni ramani ya Bahari ya Hindi.

Je, nini huyapata majina chombo kinapotoweka? Ukichunguza Kiswahili cha sasa utaona njia tatu. Njia ya kwanza ni ya kuhamia. Mtungi umehama kutoka udongoni ukaingia katika chuma, na leo mtoto wa mjini akisikia mtungi huwaza kwanza mtungi wa gesi. Birika limekuwa la bati, kisha la umeme. Na kigae, kile kile cha methali, kimekuwa pambo la sakafu na paa la nyumba za kisasa, hivi kwamba vigae sasa hununuliwa vikiwa vizima. Njia ya pili ni ya kujificha katika matumizi maalumu. Nyungu imebaki katika tiba ya kujifukiza, na mwaka 2020, wakati wa janga la korona, neno hilo lilisikika Tanzania nzima hata katika vinywa vya watu ambao hawajapata kupikia chungu. Chungu nacho kimebaki katika hesabu ya siku za Ramadhani na katika methali ya Jungu kuu halikosi ukoko. Njia ya tatu ni ya kufa pamoja na chombo. Nzio, kuzi, kasiki na balasi sasa ni maneno ya kamusi, na kwa vijana wengi hata kamusini hayajapata kusomwa.

Ni muhimu kutambua pia neno ambalo halikuwapo. Kiswahili hakikuwa na jina la asili la chombo cha kutilia maua, na hadi leo wengi husema kwa maelezo tu, chombo cha maua. Hili si pengo la lugha. Ni ushahidi wa utamaduni. Katika pwani ya Waswahili maua hayakukatwa ili yasimame majini juu ya meza. Asumini ilitungwa koja, mrehani na waridi vilifungwa kikuba, vikavaliwa mwilini au vikatandazwa kitandani. Ua lilikuwa la pua na la ngozi, halikuwa la meza. Kwa hiyo mtungi wa Usambara unapotiwa maua sebuleni, haurudishwi katika kazi yake ya zamani, bali unapewa kazi ambayo haikuwapo katika nyumba ya aliyeufinyanga. Hakuna dhambi katika hilo. Kosa ni kuiita kazi hiyo mapokeo.

6.0 Mnunuzi wa Leo

Mkusanyaji wa tatu ni mnunuzi wa kawaida. Katikati ya miaka ya 1990 mradi wa utalii wa kitamaduni ulianzishwa Lushoto, na wageni wakaanza kuongozwa na vijana wa huko kwa miguu hadi vijijini, zikiwamo njia zipitazo Rangwi. Mgeni anayepumzika mlimani huona mtungi pembeni ya nyumba, umefunikwa vumbi, huku ndoo ya plastiki na dumu vikifanya kazi yake. Huuliza bei. Mwenye nyumba, ambaye kwake mtungi huo umekwisha kustaafu, hushangaa kwamba kuna mtu anautaka, naye hutaja kiasi ambacho kwake ni kikubwa na kwa mgeni ni kidogo. Wote wawili huachana wakiwa wameridhika. Swali ni nini kilichopotea kati ya watu wawili walioridhika.

Kilichopotea kwanza ni maarifa ya kupima. Madukani mjini, bakuli zenye maua ya rangi huuzwa kwa jina la vyombo vya kale vya Kiarabu, ilhali nyingi kati ya hizo zilitoka viwanda vya Ulaya. Vyombo vya Maastricht, Uholanzi, kutoka kwa watengenezaji kama Petrus Regout, viliuzwa kwa wingi katika soko la Zanzibar na pwani mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Aghalabu mhuri wa kiwanda uko chini ya kitako, na mnunuzi asiyegeuza bakuli hununua hadithi badala ya bakuli. Hiyo haina maana kwamba vyombo hivyo ni bandia. Vilikuwa vyombo vya kweli vya nyumba za Waswahili, vilivyochaguliwa na Waswahili. Historia yake ya kweli, ya kiwanda cha Uholanzi kilichomtengenezea mwanamke wa Unguja, ni ya kuvutia kuliko ile ya kubuni. Kwa mtungi wa udongo, kitako ndicho pia kinachosema kweli: uliotumika umelika mahali ulipokalia kata, na mdomo wake umelainishwa na mikono na mibuyu ya kuchotea, masizi ya miaka mingi yameingia ndani ya udongo, ilhali yaliyopakwa jana hubaki kidoleni.

Pili, kuna sheria. Tanganyika ilikuwa na sheria ya kulinda kumbukumbu tangu mwaka 1937. Idara ya Mambo ya Kale ilianzishwa mwaka 1957. Na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, iliuweka mwaka 1863 kuwa mpaka wa umri wa vitu vya kale vinavyolindwa, pamoja na kutambua vitu vya kiutamaduni vya baada ya hapo. Uchimbaji wa vitu hivyo, na kuvitoa nje ya nchi, huhitaji kibali. Tanzania ilijiunga pia na Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 unaokataza biashara haramu ya mali za kitamaduni. Hata hivyo, sheria huitazama tarehe. Mtungi wa bibi wa Rangwi waweza kuwa na umri wa miaka 60 tu, usiwe wa kale mbele ya hakimu, lakini ukawa wa mwisho wa aina yake katika kijiji.

Hapa hapana budi kuzikabili hoja mbili za upinzani. Ya kwanza husema kwamba mnunuzi ni mwokozi: asingeununua, mtungi ungevunjwa na mbuzi au kuachwa uoze. Ni kweli kwamba vyombo vingi vilivyo hai leo vimeokolewa na wanunuzi. Lakini chombo cha udongo hakikukusudiwa kudumu milele. Jamii za wafinyanzi hazikuogopa chombo kuvunjika, kwa sababu palikuwa na mtu wa kufinyanga kingine. Msiba ni kuvunjika kwa mnyororo wa mafunzo kati ya mama na binti, na msiba huo hauponywi kwa kununua chombo cha mwisho alichoacha mama. Huponywa kwa kununua kile alichofinyanga binti wiki iliyopita. Mnunuzi anayeupita mtungi mpya sokoni akitafuta wa zamani tu, kwa kuwa wa zamani ndio halisi, humwambia mfinyanzi aliye hai kwamba thamani yake itaanza atakapokufa.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Husema kwamba maskini ana haki ya kuuza kilicho chake, na kwamba msomi aliyeshiba hapaswi kumzuia mwanamke wa mlimani asipate karo ya mtoto kwa mtungi usiomfaa. Hoja hii haina budi kukubaliwa. Kinachodaiwa na mhadhara huu si marufuku. Kinachodaiwa ni kwamba mauzo yawe kamili: anayechukua chombo achukue na habari zake, na habari hizo ziwe na bei. Jina la chombo kwa Kishambaa, jina la aliyekifinyanga, mahali udongo ulipochimbwa, kazi kilichofanya, na mambo yaliyokatazwa kufanywa nacho: hayo matano hayahitaji zaidi ya karatasi moja na nusu saa ya mazungumzo kwa adabu, baada ya shikamoo na baada ya kukaa. Mnunuzi hupata chombo chenye thamani kubwa zaidi, na mwuzaji huuza kitu ambacho, tofauti na mtungi, hubaki nacho hata baada ya kukiuza.

7.0 Hitimisho

Imeonekana kwamba ukusanyaji wa vyombo vya kale una historia ndefu katika Afrika Mashariki na kwamba umepitia mikono mitatu. Mswahili wa kidakani alijua majina ya vyombo vyake, lakini hakujali sana majina ya waliovitengeneza ng'ambo. Mkusanyaji wa makumbusho alihifadhi umbo na akapoteza mfinyanzi. Mnunuzi wa leo hupata umbo na mara nyingi hupoteza vyote viwili, jina la chombo na jina la mtu.

Wajibu katika jambo hili unawaangukia wanafunzi na wanaisimu kabla ya kumwangukia mnunuzi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa na TUKI kwanza mwaka 1981, ilikuwa hatua kubwa ya kukifasili Kiswahili kwa Kiswahili. Hatua inayofuata ni kuyaingiza maarifa ya ufundi: kufasili vyombo kwa kazi na namna ya kutengenezwa, badala ya kuishia kwenye ukubwa na umbo, na kuyaalika maneno ya Kishambaa, Kipare, Kizigua na Kibondei pale ambapo Kiswahili hakina lake. Mwanafunzi anayekwenda likizo Rangwi, Mlalo au Mtae amebeba katika masikio yake lugha ambayo mtafiti mgeni angehitaji miaka kujifunza. Akikaa na bibi yake jikoni kwa alasiri moja, akaandika majina ya vyombo vilivyopo na vilivyokuwapo, atakuwa amekusanya vitu vya kale bila kubandua chochote ukutani wala kaburini.

Na vyombo vilivyokwisha kuvunjika visidharauliwe. Mfinyanzi hakula gaeni kwa sababu ya umaskini peke yake. Alijua udongo ule ulitoka shimo gani, na nani aliukanda.